Saa za Kunisikiliza

Namshukuru Mungu aliyenipa miaka mingi kuliko niliyomwomba, akaniongezea na asubuhi ya leo, yenye baridi ya mlimani na chai ya moto. Sifa ni zake yeye anayesikia kila neno tunalomwambia, refu na fupi, la maana na lisilo na maana, wala hajawahi kutuambia tufupishe. Nimeanza na sifa hiyo kwa sababu habari ninayosimulia ni ya kusikilizwa, na mimi ndani yake sikutoka na uso mzuri.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na mzee wa kanisa hapa nje kidogo ya mji wa Nyeri. Nimefundisha Kiswahili na somo la dini hadi waliokuwa wanafunzi wangu wakaniletea watoto wao. Mmoja wa wanafunzi hao alikuja kuwa mhandisi wa maji. Miaka michache iliyopita alinijia nyumbani, akakataa kukaa mpaka nilipokaa mimi, kisha akanieleza shida ya watu wa Endarasha.

Kule maji huja kwa zamu. Leo yanafunguliwa kwa mashamba ya juu, kesho kwa ya chini, na siku ambayo ndovu wametoka msituni wakakanyaga bomba, hayaji kwa mtu yeyote. Mkulima asiyejua zamu yake imesogezwa huamka kukuta maji yamepita na kabichi zake zimeinamisha vichwa. Mhandisi na wenzake walikuwa wameandika programu ya kompyuta inayomtumia kila mkulima ujumbe mfupi kwenye simu, kumwambia zamu yake ni lini.

"Na programu yenyewe ni huria, Mwalimu," aliniambia. "Haina mwenyewe. Mtu yeyote anaichukua bure, anasoma vile imeandikwa ndani, akiona kosa anarekebisha na kuturudishia tuone."

"Na anayerekebisha analipwa na nani?"

"Halipwi."

"Basi hiyo ni ngwatio," nikasema. Kwetu ngwatio ni pale majirani wanapokusanyika kulima shamba la mmoja wao leo, na kesho la mwingine, bila ujira. Ulivyonilimia, nami nitakulimia.

Mhandisi alicheka. "Ni ngwatio kweli. Ila kwa hii, wengine wanalima na hamuonani."

Laiti ningeyashika maneno hayo siku hiyohiyo.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya lugha. Ujumbe wote ulikuwa umeandikwa Kiingereza, na mimi nilitakiwa kuutia katika Kiswahili na Kikuyu, ili mama aliye shambani asihitaji kumtafuta mtu wa kumsomea. Zamu yako inaanza. Zamu yako imesogezwa. Bomba limepasuka, subiri habari. Funga koki yako, jirani anangoja. Ni maneno machache, lakini niliyapima kama mtu anayechagua mbegu. Mkulima aliyeamka gizani na kukosa maji hutaki kumwambia neno litakalomfanya aitupe simu mtoni.

Vidole vyangu ni vizito na macho yangu hayapendi herufi ndogo. Kwa hiyo sikuandika. Nilibonyeza alama ya kipaza sauti, nikamtumia mhandisi tafsiri zangu kwa mdomo. Nilikuwa nimesikia kwamba siku hizi simu inaweza kuandika yenyewe yale mtu anayosema. Nikaamini kwamba huko ninakopeleka sauti, mashine inaipokea na kuigeuza maandishi.

Nikirekodi, nilikaa barazani nikaanza kama mtu mwenye adabu. Nilimsalimu mhandisi, nikauliza watoto, nikaeleza hali ya mvua, nikaomba kwa ajili ya kazi ile na wote wanaoifanya, ndipo nikaingia kwenye tafsiri. Mke wangu alikuwa akipita na ndoo, ananiangalia.

"Hiyo simu unaiombea kwanza?" aliniuliza siku moja. "Mimi ukinituma chumvi hata hunisalimii."

Baada ya siku mbili tatu, maneno yangu yalionekana kwenye programu yakiwa safi kabisa, bila salamu, bila mvua, bila kikohozi. Nilistaajabu. Jumapili moja nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, kwamba Bwana amewapa watu wa siku hizi hekima ya ajabu, hata mashine inajua kutenganisha maneno ya kazi na maneno ya adabu. Watu waliitikia amina. Nikikumbuka amina ile, masikio yangu huwaka moto.

Programu ilienea. Watu wa miradi mingine ya maji waliichukua, na mama mmoja wa Kutus, kule Kirinyaga, aliyekuwa akimsaidia mhandisi tangu mwanzo, akaitengenezea sehemu mpya kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Mwea. Zamani alikuwa akifundisha kompyuta katika shule ya upili, na sasa ana duka la saiba karibu na stendi, la kutoa kopi na kuwajazia watu maombi ya serikali. Maji ya mpunga hayaendi kama maji ya kabichi. Yanaingia jaruba hata jaruba, na ukikosea mpangilio, mkulima mmoja anafurikiwa na mwenzake anabaki na matope makavu. Yeye anayajua hayo tangu utotoni. Shida ni kwamba kila alichorekebisha kilingoja ruhusa ya watu wa Nyeri, na watu wa Nyeri mpunga wanaujua ukiwa sahanini.

Kwa sababu ya kukua huko, mhandisi alituita kwenye ukumbi wa kanisa letu tuchague watu watatu watakaokuwa na ruhusa ya kupitisha mabadiliko. Tuliwaita walinda mlango. Ilikubaliwa kwamba nafasi hizo ziende kwa waliotoa muda wao mwingi zaidi katika kazi hiyo, na kwamba kila mtu ataje saa zake mwenyewe mbele ya wenzake, maana sisi ni watu wa imani na hatukutaka kupekuana.

Kabla ya mkutano tulikunywa chai kwa viazi vitamu. Mama wa Kutus alikuja akaniinamia kidogo, akanishika mkono kwa mikono miwili. Tulikuwa hatujaonana ana kwa ana hata mara moja.

"Guka," aliniita, yaani babu, "shikamoo. Mimi ndio ule wa Kutus. Niombee leo. Watu wa Mwea wanakaribia kuweka mbegu kwa kitalu, na ile zamu yao mpya bado inangoja hapa kwenu. Nikipata hiyo mlango, naipitisha leo leo. Nikikosa, wataanza msimu na zamu ya zamani, na unajua vile hupigana huko kwa mifereji."

"Nitakuombea, binti yangu," nikasema. Na nilimwombea pale pale, nikiwa na kikombe mkononi.

Mkutano ulipoanza, swali la kwanza lilikuwa kama saa ya mwandishi wa programu ni sawa na saa ya mtu wa kutafsiri, au ya mtu kama yule afande. Afande ni polisi kutoka upande wa magharibi aliyehamishiwa Endarasha, naye siku zake za mapumziko alikuwa akizunguka kwa wakulima kuhakikisha ujumbe umefika. Wengine walisema saa ya ufundi ina uzito zaidi. Hapo nilisimama. Nilizungumza kwa nguvu ambayo sikuwa nimeitumia tangu nilipotoka darasani. Nilisema Mungu anapogawa saa hagawi nzito na nyepesi, na kwamba saa ya mzee na saa ya kijana zikipita, zote mbili hazirudi. Walinipigia makofi. Ikaamuliwa kwamba saa ni saa. Bado naamini nilisema kweli. Lakini niliisema kweli hiyo nikijipigania mimi mwenyewe.

Tukaanza kutaja. Mhandisi alitaja zake, na mhasibu wa mradi wa Endarasha akataja zake, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba hao wawili wangetangulia. Zamu yangu ilipofika nilitaja hesabu niliyokuwa nimeifanya nyumbani kwa uangalifu. Ndani yake nilikuwa nimetia muda wa kurekodi wote, pamoja na salamu na maombi, na hata ule wa kuwaza maneno nikimkatia ng'ombe majani. Ilikuwa hesabu nene. Mama wa Kutus alisimama baada yangu, akataja zake kwa sauti ya chini. Zilikuwa pungufu kuliko zangu, si kwa kidogo.

Aibu yangu ya kwanza ni hii, kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimemwombea nusu saa iliyopita, na nilipomsikia akitaja kidogo, moyo wangu uliruka kama wa mtoto aliyeongoza darasa.

"Basi mlinda mlango wa tatu ni Mwalimu," mhandisi akasema. Aliyeanza kupiga makofi alikuwa yeye, yule mama.

Afande alibaki amekaa, mikono imekunjwa. Kisha akainuka.

"Mimi niko na swali kwa Mwalimu. Kwa heshima yote. Zile sauti ulikuwa unatuma, nani alikuwa anaziandika?"

"Simu," nikajibu. "Simu inaandika."

Watu waliangaliana kama katika nyumba ambayo kila mtu anajua jambo isipokuwa baba.

"Ni simu gani hiyo, Mwalimu," afande akauliza, "hata mimi ninunue?"

Watu wakacheka, kisha wakajuta kucheka. Mhandisi alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Mimi nilienda Mwea kununua mchele," afande akaendelea, "nikapitia Kutus kumsalimia huyu dada. Nikamkuta ameweka waya kwa sikio moja, mkono mmoja unatoa kopi za mteja, ule mwingine unaandika. Anarudisha nyuma, anasikiliza, anarudisha tena. Nikamuuliza, dada, hayo ni mahubiri? Akaniambia, hapana, ni Guka anatafsiri, mhandisi hunitumia sauti zake niandike."

"Afande, wacha hiyo maneno," mama wa Kutus akasema.

"Naiacha. Nilikuwa nauliza tu."

Nikamwomba mhandisi atusikilizishe sauti moja. "Si lazima, Mwalimu," alisema. Nikamwambia ni lazima. Akaunganisha simu yake na spika ya kwaya, na sauti yangu ikajaa ukumbi.

Nilimsikia mtu mmoja mzee akisalimu. Alimsalimu mhandisi, na mkewe, na watoto, na mama mkwe aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Alieleza kuhusu mazishi aliyohudhuria. Alimfukuza kuku. Aliomba, na maombi yake yalianzia uumbaji. Mwanzoni watu walitabasamu, kisha wakaacha, na sauti bado inaendelea, na hakuna aliyethubutu kuizima kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa pale mbele. Hatimaye mzee yule alifika kwenye tafsiri. "Andika, zamu yako imewadia. Hapana, ngoja. Zamu yako inaanza. Au tuseme, maji yako yanafunguliwa. Ngoja nifikirie." Akaaga, akabariki, na baada ya kubariki kabisa akasema, "Ile ya kwanza niliyosema, itupe. Weka ya pili. Lakini mwisho wake uwe wa ile ya tatu."

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya sentensi moja.

Nimewahi kuaibika maishani, lakini kwa kawaida aibu huja na kitu cha kujitetea. Hii haikuja na chochote. Sikuwa nimemdhulumu mtu kwa kukusudia. Nilikuwa tu nimekaa barazani kwangu nikitumia saa za mtu mwingine nikidhani natoa zangu.

"Sauti za namna hiyo zilikuwa ngapi?" nikamuuliza mama wa Kutus.

"Sikuhesabu, Guka."

"Mbona hukuzitaja?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mbona hakutaja saa za kupumua. "Ningesema nini? Ati nilikaa nikimsikiliza mzee, niandikiwe saa? Kwetu mzee akiongea unakaa. Hiyo si kazi. Baba yangu akisikia nimetaja hiyo kama kazi, atasema hakunilea."

"Basi mimi najitoa," nikasema. "Nafasi hiyo ichukue wewe."

"Siwezi, Guka."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukalia kiti umeinuka. Watasema nilikuinua."

Kina mama waliokuwa nyuma walitikisa vichwa kumwunga mkono, na nikaona walikuwa na haki. Nilitaka kujitakasa haraka, kumbe nilikuwa namtwisha mzigo wa pili, wa kuonekana Kirinyaga nzima kama mwanamke aliyemng'oa mzee wa kanisa. Mpunga wa Mwea nao unangoja, na sisi sote tumekaa, kila mmoja amefungwa na adabu yake.

Aliyetufungua ni afande. "Hata kwetu wazee wanaheshimiwa, msinione hivi," alisema. "Lakini dada, hebu nikuulize. Kusikiliza, ulisikiliza kama mjukuu wake. Sawa, hiyo ni yako. Na kuandika?"

Mama wa Kutus akaanza kukunja leso yake, na afande akaendelea.

"Kutafuta ni neno gani limebaki baada ya kubadilishwa mara tatu? Kulikata litoshe kwa ujumbe mfupi? Kuingiza kwa programu, kujaribu, kukataa, kujaribu tena?"

Alikuna shavu. "Hiyo ni kazi," alisema polepole. Kisha, kama mtu aliyetua gunia, "Wuui, hiyo ilikuwa kazi kabisa!"

Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka hadi akafuta macho kwa leso.

"Basi hiyo taja," afande akasema. "Ile ingine kaa nayo."

Akataja. Nilisimama nami, nikaomba kutaja upya za kwangu. Nikaondoa maombi, nikaondoa salamu, nikaondoa ng'ombe. Mhandisi alinisihi, "Mwalimu, hata maombi?" Nikamwambia maombi nilimpelekea Mungu, si programu. Zilizobaki zilikuwa chache, na zilikuwa za kweli. Mama wa Kutus akawa mlinda mlango wa tatu, na kabla hatujamaliza kukusanya vikombe alikuwa amefungua kompyuta yake kwenye meza ya kwaya na kuipitisha zamu ya Mwea. Msimu ulianza na zamu mpya.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kutus nimwombe anifundishe kuandika kwenye simu. Alinipa kiti karibu na mashine ya kopi, akanikuzia herufi, nami nikawa nadonoa kwa kidole kimoja. Wateja waliingia na kutoka. Katikati ya kudonoa nilimuuliza kama hakuchoka nami.

"Nilichoka, Guka, nisidanganye." Alikuwa akipanga karatasi. "Kuna siku duka ilikuwa imejaa nikakusikiliza kwa mwendo wa haraka. Simu iko na hiyo. Ukawa unaongea kama mtoto wa nasari amekimbia."

Tulicheka pamoja. Kisha akasema, bila kugeuka, "Lakini maombi sikuwahi kuruka. Kuna siku uliombea watu wote wanaofanya hii kazi, na wagonjwa walio kwa nyumba zao. Mama yangu alikuwa amelazwa Kerugoya. Nilirudisha hiyo, nikasikiliza tena, nikasema amina."

"Sikujua mama yako alikuwa mgonjwa."

"Ungejuaje, Guka? Hiyo simu ilikuwa inaongea upande moja."

Hakulisema kwa ubaya. Ni hilo lililonishinda. Nilikuwa nimeuliza kila mara habari za goti la mama mkwe wa mhandisi, na mtu aliyekuwa ameyabeba maneno yangu yote sikuwahi kumuuliza hata kama ameamka salama.

Nimefikiria sana kuhusu saa zile ambazo hakuzitaja. Zile za kuandika zimehesabiwa, na ni haki yake. Zile za kunisikiliza hazimo popote. Siwezi kuomba ziandikwe, maana ningekuwa nauza adabu yake bila ruhusa. Lakini katika ngwatio aliyelimiwa hurudisha kwa jembe. Kwa hiyo tafsiri zangu sasa naziandika kwa kidole, fupi, bila kuku. Na Jumamosi jioni, akishafunga duka, nampigia. Namuuliza habari ya mama yake na ya mpunga, kisha nanyamaza. Si rahisi. Mwalimu aliyezoea kusema huumwa ulimi akinyamaza. Mara nyingine anazungumza muda mrefu, anaanza jambo, anarudi nyuma, anabadilisha, na mimi nakaa barazani na simu sikioni nikijifunza ilivyokuwa kunisikiliza. Mke wangu hupita na ndoo yake.

"Leo umekatwa ulimi?" huniuliza.

Namwonyesha kwa mkono kwamba nasikiliza.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, umenipa muda wako ambao sina namna ya kukurudishia, na pengine kuna mtu alikuwa anakuita jikoni. Bwana akujalie mtu wa kukaa nawe unapozungumza, hata ukianzia mbali. Akuonyeshe wale wanaobeba maneno yako usiowaona. Na siku utakapohesabiwa ulichofanya, akupe moyo wa kutaja kidogo, na jirani mkweli wa kukukumbusha kilichobaki. Amina.